Nguzo tupu kando ya barabara ya Mombasa

*Theluji inapofunika Urusi na Kazakhstan, tai na kozi wa huko huja kukaa juu ya nyaya zetu. Ila wanaowahesabu wakiwa garini wamegundua kwamba wenyeji na wageni wote wanapungua, na sababu nyingi ziko mikononi mwetu.*

EMALI. Inakaribia saa nne asubuhi na jua la Januari limeshaanza kuchemsha lami. Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, limebana upande wa kushoto, taa za tahadhari zinawaka, na malori ya makontena yanalipita moja baada ya jingine yakipiga honi ndefu.

Dereva ana kazi moja tu, nayo ni barabara. Waliobaki wamegawana mbingu. Mmoja anatazama kulia, mwenzake kushoto, darubini shingoni, na mapajani kuna karatasi ya kuandikia saa, kilomita na aina ya ndege.

Nguzo ya umeme, tupu. Nguzo nyingine, kunguru. Nguzo tatu zaidi, tupu. Kisha mkono unanyanyuka, gari linaegeshwa pembeni, na darubini zote zinaelekea nguzo moja ng'ambo ya reli ya SGR.

Ametulia hapo ndege mkubwa wa kahawia, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hukaribia mita 2. Usoni ana mstari mnene wa njano unaoanzia mdomoni na kufika hadi nyuma ya jicho. Mstari huo ndio unaomtofautisha na tai wa hapa wanaofanana naye. Huyu ni tai wa nyika za Asia. Miezi michache iliyopita alikuwa Kazakhstan, Mongolia au kusini mwa Urusi.

Kwenye karatasi anaingia kwa mstari mmoja: tai wa nyika, 1, juu ya nguzo. Mistari ya namna hiyo, iliyokusanywa katika barabara za Kenya tangu miaka ya 1970, ndiyo iliyofichua kwamba nchi imepoteza sehemu kubwa ya ndege wake wawindaji ndani ya nusu ya umri wa binadamu.

Baridi yao, msimu wetu

Kuanzia Oktoba, ardhi ya kaskazini inapoganda, panya wa mashambani hujificha chini ya theluji na wadudu hutoweka kabisa. Ndege anayeishi kwa panzi na panya hana budi kuhama.

Wengi hushuka kupitia Mashariki ya Kati, kisha huvuka Bab el Mandeb, mlango mwembamba wa bahari kati ya Yemen na Jibuti. Tai na tumbusi hukwepa maji mapana kwa sababu wao hawapigi mabawa safari nzima. Huinuliwa na hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, wakazunguka nayo hadi juu sana, kisha wakateleza kuelekea waendako. Baharini hewa hiyo ni haba.

Mwaka 1987, waliokaa upande wa Jibuti kuhesabu katika Oktoba na Novemba walirekodi karibu ndege 250,000 wa jamii hii wakiingia Afrika kupitia mlango huo mmoja.

Kozi wadogo wana njia zao. Kozi wa Amur, ndege asiyefika gramu 200, huzaliana Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China. Hupumzika kaskazini mashariki mwa India, kisha huvuka Bahari ya Arabu bila kutua popote hadi Somalia. Baadhi yao huonekana Tsavo kati ya Novemba na Desemba, mvua za vuli zinapotoa kumbikumbi, kabla ya kuendelea kusini mwa Afrika.

Kuna pia kozi weusi wa Ghuba, ambao baadhi yao huanguliwa katika visiwa vya Daymaniyat karibu na Muscat, Oman. Nao hupita anga ya Afrika Mashariki wakielekea Madagaska. Oman yenyewe ni kituo kikubwa cha tai wa nyika wakati wa baridi, na wengi wao hula kwenye majaa ya taka ya miji.

Kwa hiyo kati ya Novemba na Machi, msafiri anayetoka Nairobi kwenda Mombasa, au Arusha kwenda Makuyuni, hupita chini ya wenyeji na wageni kwa pamoja. Ni msimu mzuri kuliko yote wa kutazama, na kiti cha abiria kinatosha.

Wa kutazamwa

Ndege akiwa juu sana, rangi haisaidii. Kinachosaidia ni umbo.

Tumbusi ana mabawa mapana yaliyonyooka, mkia mfupi na kichwa kisichoonekana sana. Tai kichwa chake hutokeza mbele na mkia wake ni mrefu kiasi. Kozi mabawa yake yamechongoka na hupiga haraka. Mwewe, yule wa mijini anayenyakua vifaranga na hata nyama mkononi mwa mtu, mkia wake una mwanya katikati nao hauachi kupinda huku na huku.

Pungu ndiye rahisi kuliko wote. Mkia wake ni mfupi mno hata unadhani umekatwa, na akiruka huyumba kushoto na kulia bila kupiga mabawa. Ukibahatika kumwona karibu, uso na miguu yake ni myekundu sana.

Juu ya nguzo mambo ni mengine. Nyanda za juu, kuanzia Limuru hadi Nakuru, ndege wa kutafuta ni shakivale mwenye tumbo jeupe, mgongo mweusi na mkia wa rangi ya kutu. Penye mashamba yenye unyevunyevu utakuta tai mdogo mweusi mwenye kishungi kirefu kinachopeperuka. Ukishuka chini ya Kibwezi, kwenye vichaka vikavu vya Tsavo, vijiti na nguzo hukaliwa na kipanga wa kijivu mwenye miguu ya rangi ya machungwa, aliyesimama wima akingoja mjusi.

Na ndege karani hayuko juu ya nguzo. Yuko majanini, anatembea. Miguu yake ni mirefu kuliko ya jogoo yeyote, na nyoka humuua kwa teke.

Usianze mapema sana. Ndege wakubwa hukaa kwenye miti ya kulala hadi ardhi ipate joto, na tumbusi wengi huanza kupaa kuanzia saa tatu au saa nne asubuhi. Anayepita Mtito Andei kabla ya hapo ataona anga tupu na kudhani hakuna kitu.

Ndege wangapi kwa kilomita 100?

Kuhesabu ndege ukiwa garini ni njia ya zamani na ya bei nafuu. Unachagua barabara, unaenda kwa mwendo wa chini usiobadilika, unaandika kila ndege wa jamii hii unayemwona pande zote mbili, kisha unagawa kwa kilomita ulizosafiri. Miaka ikipita unarudi barabara ileile. Hupati idadi ya ndege wote nchini. Unachopata ni jibu la swali moja: wanaoonekana wameongezeka au wamepungua?

Mwaka 2022 jarida la Biological Conservation lilichapisha jibu la Kenya. Darcy Ogada wa shirika la The Peregrine Fund na wenzake walilinganisha hesabu za barabarani za mwaka 1970 hadi 1977 na zile za 2003 hadi 2020. Kati ya aina 22 zilizochunguzwa, 19 zilikuwa zimepungua.

Ukubwa wa upungufu wenyewe unatisha. Shakivale wa nyanda za juu, ambaye kila mtoto aliyekulia Nyandarua au Nakuru alimjua, alikuwa ameshuka kwa zaidi ya asilimia 90. Tai mwenye kishungi vivyo hivyo. Ndege karani vivyo hivyo. Tumbusi mdogo mwenye kichwa cha waridi, aliyezoea kukaa karibu na machinjio, alishuka kwa asilimia 88.

> Kati ya aina 22 za ndege wawindaji zilizohesabiwa katika barabara za Kenya, 19 zimepungua. Shakivale wa nyanda za juu ameshuka kwa zaidi ya asilimia 90.

Wageni nao hawakupona. Panga-mbuga mwembamba wa Ulaya, anayeruka chini chini juu ya nyasi huku mabawa ameyainua, na kozi wa kawaida anayeelea hewani akitafuta panya, wote walikuwa wachache mno kulinganisha na miaka ya 1970.

Januari 2024 ikaja taarifa ya bara zima. Phil Shaw wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, Ogada na watafiti wengine walikusanya hesabu za barabarani kutoka Afrika Magharibi, Kamerun, Kenya na Botswana, wakazichapisha katika Nature Ecology & Evolution. Kati ya aina 42, zilizopungua ni 37. Aina 29 zilikuwa zimeshuka kwa angalau asilimia 30 ndani ya vizazi vitatu vya ndege hao, kiwango kinachotosha kumwingiza kiumbe katika orodha ya walio hatarini kutoweka.

Wapo wanaotilia shaka njia hii. Barabara ya leo, wanasema, si barabara ya mwaka 1972. Ile ilikuwa na magari machache, ya leo ni msururu wa malori usiku na mchana, na huenda ndege wamesogea mbali tu. Hoja hiyo ina uzito katika barabara moja moja. Lakini haielezi kwa nini hali ilikuwa na nafuu zaidi ndani ya mbuga na hifadhi kuliko nje yake, wala kwa nini kilichoonekana Kenya kimeonekana pia katika barabara za vumbi za Burkina Faso na Niger.

Mimi naona ushahidi umetosha. Sensa ya mwaka 1969 ilihesabu Wakenya milioni 10.9, ya 2019 ikahesabu milioni 47.6. Katika miaka hiyo hamsini malisho yaligawanywa viwanja, miti mikubwa ya kutagia ikawa makaa, mbuga za nyasi zikalimwa. Ndege anayehitaji kilomita nyingi za mraba kulea kinda mmoja alikuwa lazima aguswe.

Ila ardhi pekee isingewamaliza kwa kasi hii.

Sumu kwenye mzoga

Usiku simba au fisi anaingia bomani na kuua ng'ombe. Asubuhi mwenye mali anautazama mzoga. Ng'ombe huyo alikuwa karo ya shule, au mahari, au akiba ya kiangazi. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inaruhusu fidia, lakini fidia huchukua muda mrefu kufika, na mara nyingi mfugaji huona haitafika. Dukani kuna dawa ya kuulia wadudu. Inanyunyizwa juu ya mzoga, na jambo linaonekana limekwisha.

Halijaisha. Simba akirudi hula na kufa. Kisha tumbusi mmoja anaushukia mzoga, na tumbusi wengine wanaoelea mbali angani wanamwona akishuka. Wanamfuata, na wengine wanawafuata hao. Ndivyo walivyoumbwa: kila mmoja humtazama mwenzake, na ndiyo sababu mzoga wa nyumbu huweza kumalizwa kwa muda mfupi. Pia ndiyo sababu mzoga mmoja wenye sumu huweza kuua mamia kwa siku moja.

Juni 2019, kaskazini mwa Botswana, tumbusi 537 walikutwa wamekufa kandokando ya mizoga ya tembo iliyotiwa sumu. Huko waliotega walikuwa majangili. Majangili huwachukia tumbusi kwa sababu wakizunguka angani huwaonyesha askari mahali tembo alipouawa.

Kenya yenyewe ilishtuka Desemba 2015, wakati simba wa kundi mashuhuri la Marsh Pride huko Maasai Mara, lililojulikana dunia nzima kupitia televisheni ya BBC, walipotiwa sumu baada ya kushambulia ng'ombe. Dunia iliwalilia simba. Tumbusi waliokufa karibu nao hawakuzungumzwa sana.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika Conservation Letters, ulioongozwa pia na Ogada, uliangalia vifo vya tumbusi vilivyoripotiwa Afrika. Sumu ilihusika katika asilimia 61 ya vifo hivyo. Biashara ya viungo vyao kwa ajili ya uganga ilichukua asilimia 29. Aina nane zilizochunguzwa zilikuwa zimepungua kwa wastani wa asilimia 62 katika miaka thelathini hivi.

> Tumbusi hutaga yai moja tu kwa mwaka na huanza kuzaa akiwa na miaka mitano au zaidi. Siku moja ya sumu hufuta uzazi wa miaka mingi.

Oktoba 2015, aina nne za tumbusi wa Afrika ziliwekwa kwa mkupuo katika daraja la juu kabisa la hatari ya kutoweka. Mmojawapo ni yule mkubwa anayetaga kwenye majabali ya Hell's Gate, Naivasha, aina ileile iliyogongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan mwaka 1973 ikiwa mita zaidi ya 11,000 angani. Hakuna ndege mwingine aliyerekodiwa juu kuliko huyo.

Wafugaji wana haki ya kusikilizwa hapa, na si kwa ajili ya adabu tu. Wao ndio wanaoishi na simba. Anayehubiri dhidi ya sumu akiwa Nairobi hajawahi kuamka akakuta ng'ombe watatu wamelala damuni. Palipokuwa na mafanikio, njia ilikuwa kuimarisha boma kwa waya na nguzo imara ili simba asiingie kabisa. Mifugo ikilala salama, chupa ya dawa hubaki dukani.

Na dawa yenyewe? Mwaka 2009, baada ya kelele za kimataifa kuhusu simba waliouawa, mtengenezaji wa dawa iliyokuwa ikitumika zaidi, yenye kiini cha kabofurani, aliacha kuiuza Kenya. Wauaji walihamia dawa nyingine za jamii hiyohiyo. Kufungia jina moja la dawa bila kudhibiti nani ananunua nini, na kwa shamba gani, ni kazi nusu.

Mpunga, kweleakwelea na fuko

Mgogoro wa pili uko mashambani, na ni mgumu zaidi kwa sababu mwenye kunyunyiza ni serikali.

Januari 2023, makundi ya kweleakwelea yalivamia mashamba ya mpunga Kisumu. Kila ndege hula hadi gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la milioni humaliza tani 10. Serikali ilitangaza kampeni ya kuua hadi ndege milioni 6 kwa dawa ya fenithioni, inayonyunyizwa jioni juu ya miti wanakolala.

Mkulima aliyepoteza ekari zake hawezi kulaumiwa kwa kuomba msaada. Lakini kweleakwelea mgonjwa anayeanguka chini akitapatapa ndiye windo rahisi kuliko yote. Kozi, mwewe, bundi na tai wa nyika hukusanyika mahali pa kweleakwelea, na wanaomla hula pia sumu iliyomo ndani yake.

Kuna njia nyingine. Wilayani Kondoa, Tanzania, watu hutega kweleakwelea kwa maelfu na kuwauza kama kitoweo. Si tiba ya kila mahali, na mitego haiwezi kuzima mlipuko mkubwa kwa usiku mmoja. Ila inapowezekana kutega, hakuna sababu ya kuanza na dawa.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha kwa wakulima ni kwamba wengi wa ndege hawa ni vibarua wao wasiolipwa. Kuzunguka Ziwa Naivasha, chakula kikuu cha shakivale ni fuko, yuleyule anayechimba na kula viazi Kinangop. Ndege mdogo mweupe na wa kijivu mwenye macho mekundu, anayeelea juu ya shamba la mahindi, anakula panya. Bundi huendelea na kazi hiyo usiku. Mkulima akipoteza hao, ataununua ulinzi huo dukani kwa njia ya sumu ya panya, nayo sumu hiyo itawaua waliobaki.

Wanaotaka kujua gharama ya kuwapoteza tumbusi waitazame India. Katika miaka ya 1990 dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki ilianza kutumiwa sana kwa ng'ombe. Tumbusi aliyekula mzoga wenye dawa hiyo figo zake zilikufa. Ndani ya miaka michache zaidi ya asilimia 95 ya tumbusi wa aina tatu walitoweka. Mizoga ikaoza kando ya vijiji, mbwa koko na kichaa chao wakaongezeka, maji yakachafuka. India iliipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006.

Mwaka 2024, wachumi Eyal Frank na Anant Sudarshan walikadiria kwamba kutoweka kwa tumbusi kulichangia vifo vya ziada vya watu wapatao 500,000 nchini humo kati ya mwaka 2000 na 2005.

> Nchini India, kutoweka kwa tumbusi kulihusishwa na vifo vya ziada vya watu wapatao 500,000 kati ya mwaka 2000 na 2005.

Kajiado, Narok na Samburu zina mifugo mingi na mbwa wengi. Nani atakayeondoa mizoga ya kiangazi huko, tumbusi wakiisha?

Umeme safi, nguzo hatari

Nguzo inayompa tai mahali pa kutazamia inaweza pia kumuua. Ndege akigusa nyaya mbili kwa pamoja, au waya mmoja na chuma kilichounganishwa na ardhi, umeme hupita mwilini mwake. Kurumbiza haufikii waya wa pili. Tai mwenye mabawa ya mita 2 anaufikia anaponyanyuka tu.

Mfano mbaya zaidi uko Sudan. Laini ya kilomita 31 iliyojengwa katika miaka ya 1950 kutoka mji wa Port Sudan kuelekea pwani iliua tumbusi weupe wahamiaji kwa miongo mingi, kwa kuwa ilikuwa njiani mwao. Mtafiti mmoja aligundua mizoga chini yake mwaka 1982. Ilizimwa mwaka 2014.

Mitambo ya upepo ni suala lenye sura mbili pia. Kenya inahitaji umeme usiochafua hewa, na ni vizuri tunaujenga. Mradi wa Ziwa Turkana una mitambo 365. Ule wa Kipeto, Kajiado, una mitambo 60 yenye uwezo wa megawati 100, na ulijengwa katika eneo linalotumiwa na tumbusi walio hatarini. Kipeto kuna watu wanaokaa na darubini mchana kutwa, na tumbusi akikaribia, mtambo husimamishwa hadi apite.

Hilo linaonyesha kwamba inawezekana. Linaonyesha pia kwamba haiji yenyewe: ni masharti yaliyowekwa kabla ya mradi kuanza. Nguzo za kusambaza umeme vijijini hazina masharti ya aina hiyo yanayofuatwa kila mahali, ingawa suluhisho si ghali likifanywa mwanzoni. Nyaya zitenganishwe zaidi, sehemu ya karibu na nguzo ivikwe kizuizi, na waya uning'inie chini ya mkono wa nguzo badala ya kukaa juu yake.

Kijiji kilichobadilika

Kuna wanaosema mambo haya hayarekebishiki. Wale kozi wa Amur wanaokula kumbikumbi Tsavo wanawapinga.

Mwaka 2012 dunia iliona picha za kozi hao wakinaswa kwa nyavu kwa makumi ya maelfu karibu na bwawa la Doyang, jimbo la Nagaland, India. Waliuzwa kama nyama. Mwaka uliofuata, baada ya mazungumzo na wazee, makanisa na baraza la kijiji cha Pangti, wanakijiji waliacha kabisa kuwatega. Wengi wao walikuwa wavuvi waliopoteza mashamba yao bwawa lilipojengwa, kwa hiyo waliacha pato halisi.

Novemba 2013 kozi watatu wakafungwa vifaa vya setilaiti na kupewa majina Naga, Wokha na Pangti. Walivuka Bahari ya Arabu na kuingia Afrika. Uamuzi wa kijiji kimoja cha milimani nchini India umeongeza ndege katika anga ya Voi.

Kazi ya abiria

Hesabu za barabarani hufanywa na watu wachache mno. Kenya ina kilomita nyingi za lami, magari mengi, na abiria wanaotazama simu kutoka Athi River hadi Mariakani. Dereva asitazame ndege hata kidogo. Hiyo ni kazi ya wengine garini.

Ukisafiri msimu huu, chagua kipande kimoja cha barabara unachokipita mara kwa mara. Andika saa ya kuanza na kumaliza, kilomita, na kila tai, kozi, kipanga na tumbusi uliyemwona. Usipomtambua, andika tu kwamba ni tai au tumbusi, na piga picha ikiwezekana. Kama hukuona yeyote, andika hivyo, maana bila rekodi hizo hakuna atakayejua barabara imepoteza nini. Rekodi zinapokewa na Kenya Bird Map na eBird, na shirika la Nature Kenya huwakaribisha wanaoanza.

Kwa wenye madaraka, madai ni mawili. Bodi ya kudhibiti dawa za wadudu ihakikishe sumu kali haiuzwi kiholela sokoni, na fidia ya mifugo ilipwe ndani ya muda ambao mfugaji anaweza kuungoja. Yote mawili yako ndani ya sheria zilizopo.

Na ukikuta mzoga umezungukwa na tumbusi waliokufa, usiuguse kwa mikono. Zuia watoto na mbwa wasikaribie, na utoe taarifa kwa kituo cha Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) kilicho karibu siku hiyohiyo. Tanzania, toa taarifa kwa askari wa wanyamapori. Mzoga wenye sumu ukichomwa au kufukiwa mapema, tumbusi ambao bado wako njiani kuufuata hawatakufa.